Paja la Cirha

Ndugu msomaji, kama na kwako mama mkwe akishusha sanduku tu nyumba inapata serikali mpya, sogea hapa tukae pamoja. Wa kwangu katoka Marangu, na humu ndani tunamwita Mkaguzi. Akiingia jikoni hufungua kila kopo, hunusa, hutikisa, halafu hulirudisha mahali anapoona yeye panafaa, na kuanzia hapo chumvi hatuioni tena mpaka siku anayoondoka. Nampenda sana mama huyu. Kila akija analala kwenye chumba changu cha kusomea, na safari hii chumba hicho kilipatwa na makubwa. Nitakusimulia, lakini taratibu, maana mambo yenyewe yana mizizi.

Tunaishi Mthatha, jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Mimi nafundisha chuo, mke wangu ni mfamasia. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 13 na anaitwa Wakili, kwa sababu nyumbani kwetu haijawahi kutolewa amri asiyoikatia rufaa. Ukimwambia akaoge, atakuuliza nani mwingine ameshaoga. Mdogo wake ana miaka 7, naye ni Chiriku, na sababu ya jina hilo utaisikia mwenyewe kabla hujafika getini.

Chiriku tulimuasili hapahapa Mthatha, hata kutembea kulikuwa bado kunampa tabu. Kabla ya hapo tulikaa sana kwenye mabenchi ya ofisi, na mwisho tukafika mbele ya hakimu wa Mahakama ya Watoto. Sheria ya Watoto ya huku, namba 38 ya mwaka 2005, inaitaka mahakama iangalie dini na utamaduni wa mtoto na wa wale wanaotaka kumchukua. Basi hakimu akavua miwani, akatuuliza: ninyi Watanzania wawili mtamleaje mtoto wa Kixhosa? Mke wangu akajibu, "Mheshimiwa, majirani zetu wote ni Waxhosa. Tutajifunza pamoja naye." Ndani ya faili kulikuwa na karatasi aliyoiacha mama mzazi. Maneno yake yalikuwa machache sana, na kati ya hayo machache alihakikisha ameandika ukoo wa mtoto: Cirha.

Kwa Waxhosa hilo ni jambo zito. Watu wa ukoo mmoja ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana, na hawaoani. Mwanamke akiolewa haachi ukoo wake mlangoni kwa baba mkwe. Ndiyo maana jirani yetu ana mume na watoto wakubwa wa ukoo mwingine, lakini mtaa mzima unamwita MaDlomo. Hata Mandela, aliyekulia Qunu, mwendo wa kilomita kama 30 hivi kutoka kwetu, dunia nzima ilimwita Madiba, na Madiba ni ukoo wake. Kwa hiyo yule mama hakumwachia mwanawe kitu kidogo. Alimwachia anwani ya watu wake, na sisi tukaiweka kwenye bahasha kabatini pamoja na vyeti vya nyumba nzima.

Huyu MaDlomo ana mume tunayemwita Mzee Mazimbu. Ujanani alikuwa mkimbizi wa ANC, akaishi Mazimbu, Morogoro, kwenye shule ya Solomon Mahlangu, katika ardhi ambayo serikali ya Tanzania iliwapa mwaka 1977. ANC waliikabidhi mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Siku tuliyohamia mtaani kwetu, Mama Wakili alikuwa akinifokea kwa Kiswahili kuhusu godoro lililokwama mlangoni. Mara kichwa chenye mvi kikatokea juu ya ukuta wa jirani, kikapiga kelele, "Shikamooni!" Mzee wa watu anatuamkia sisi! Tangu siku ile watoto wangu humwahi asubuhi wakamwamkia wao kwanza, naye hujibu "Marahaba" ndefu inayofika mpaka barabara ya pili.

Sasa tuje kwenye Septemba. Tarehe 24 Septemba huku ni sikukuu ya taifa, Siku ya Urithi, tangu mwaka 1995. Kila mtu huvaa vya kwao na kupika vya kwao, na wengine huchoma nyama kutwa nzima. Shuleni nako watoto wanaambiwa waje wamevaa mavazi ya asili. Jioni moja tuko mezani, Chiriku akasimamisha kijiko na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeomba maji: "Mimi nivae ya kwenu au ya kwetu?"

Mama Wakili akaweka mwiko chini. Mimi nikatafuta la kusema. Kwetu na kwenu, ndugu yangu, ni maneno tunayoyatumia kutwa bila kuyasikia, lakini siku mtoto wako anapoyapanga hivyo, unayasikia. Aliyejibu ni Wakili, mdomo umejaa ugali. "Kwetu ni hapa. Wewe Mxhosa, unaishi hapa, kwa hiyo hapa pana Uxhosa. Tunavaa wote." Akameza, akaongeza kwamba uamuzi huo hauna rufaa.

Ndivyo ilivyopita. Tungevaa wote, tungepika wote, tungealika majirani, na Mkaguzi, aliyekuwa keshakata tiketi ya kuja kuwaona wajukuu, angeshona.

Mkaguzi ni fundi cherehani tangu ujana wake. Marangu nzima kuna watu walioolewa wakiwa ndani ya magauni aliyoyashona. MaDlomo akampeleka mjini kununua kitambaa ambacho Wasotho na dunia wanakiita shweshwe na Waxhosa wanakiita ujamani, kwa vile wahamiaji wa Kijerumani waliofika sehemu hizi mwishoni mwa miaka ya 1850 walikuwa wakikivaa. Ni pamba ya buluu iliyokoza, yenye vidoti na vimistari vyeupe vilivyopangwa bila kukosea. Kikiwa kipya kimelishwa wanga mpaka kinasimama chenyewe kama bati. Kina harufu yake pia, na fundi wa huku hukitambua cha kweli hata akifumba macho.

Jambo moja ambalo kila mwanamke wa Mthatha analijua ni kwamba ujamani hufuliwa kabla ya kukatwa, kwa sababu hurudi. MaDlomo alilisema dukani. Lakini MaDlomo anaongea Kixhosa, Mkaguzi anaongea Kiswahili na Kichaga, na mkalimani wao alikuwa Chiriku, ambaye wakati huo alikuwa ameona pipi. Tafsiri iliyofika ni "Anasema kizuri." Mkaguzi akakubali, ni kizuri.

Akapima, akakata, akashona. Wakati wa kupima Chiriku alisimama juu ya stuli akiimba wimbo wa taifa wa Afrika Kusini, ambao unaanza kwa Kixhosa. Mkaguzi, pini mdomoni, akasikia tuni, akasimama wima na kuanza kuimba Mungu Ibariki Afrika. Wakaimba mpaka mwisho, mmoja huku, mwingine kule, hakuna aliyempisha mwenzake. Kisha ukaja ubishi wa nani kauchukua kwa nani. Wakili akaenda kumwita Mzee Mazimbu, na mzee akaja amevaa ndara kutoa hukumu: tuni ni ya Enoch Sontonga, mwalimu, mzaliwa wa Uitenhage ya hapahapa Eastern Cape, naye aliitunga mwaka 1897. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ikaichukua na kuivalisha Kiswahili. Mkaguzi alimtazama Chiriku juu mpaka chini. "Kumbe miaka yote naimba wimbo wa kwenu," akasema, na jioni ile akampa kipande cha ziada cha ndizi za kukaanga. Nasema hili kwa moyo wangu wote: mtoto yule alitembea siku nzima akiwa amenyoosha shingo.

Gauni lilikwisha, likapendeza. Ila wanga ule ulikuwa unamkwaruza Chiriku shingoni, kwa hiyo Mkaguzi akalichovya kwenye maji ya moto, akalisugua, akalianika. Upepo wa Septemba huku haukawii kukausha. Alipolianua, gauni lilikuwa limepanda juu ya magoti, kwapa zimebana, na vifungo vya mgongoni havionani tena. Kizibao changu, cha kitambaa hichohicho, nacho kilikuwa kwenye beseni lilelile. Hicho mpaka leo nakivaa wazi, maana hakifungiki.

Chiriku hakulia. Alikaa kwenye kizingiti, mikono mapajani, kimya. Na Chiriku akinyamaza, nyumba nzima husimama. Mkaguzi akaingia chumbani, tukasikia sanduku linafunguliwa, akatoka na kanga ya zamani iliyopauka, maandishi yake yamefutika kabisa. Mke wangu akaitambua palepale. "Mama, hiyo siyo." Ni kanga ambayo Mkaguzi alimbebea mgongoni yeye, Mama Wakili, alipokuwa mchanga, wakipanda na kushuka vichochoro vya migombani. Mkaguzi hakujibu. Akaweka mkasi, akakata. Pindo la kanga likashuka chini ya gauni, vipande vyembamba vikaingia ubavuni, na MaDlomo, aliyekuja kuazima mchele, akakaa chini bila kuombwa na kushonea juu yake mistari mitatu ya utepe mweusi, ule wanaoutia Waxhosa kwenye nguo zao. Wanawake wawili wasiosikilizana lugha walimaliza kazi ile wakisemezana muda wote.

Maana Mkaguzi naye alikuwa ameanza shule. Mwanzoni ilikuwa vita. Chiriku alitaka bibi yake aweze kuutaja ukoo wake, na Cirha inaanza na ile sauti ya ulimi unaobandikwa nyuma ya meno ya mbele na kuvutwa ghafla. Mara ya kwanza kuisikia Mkaguzi aliruka kitini: "Mtoto ananisonya!" Kwao Marangu, mtoto anayemsonya mkubwa halali ndani. Ikabidi Wakili asimame kumtetea mdogo wake. Akaeleza kwamba Kixhosa kina sauti tatu za namna hiyo na wanaziandika c, q na x. Kwamba Waxhosa walizipata kwa kuishi na kuoana na Wakhoi na Wasan waliowatangulia katika nchi hii. Na kwamba hata kwetu Tanzania Wasandawe na Wahadzabe wanazo. "Kwa hiyo, Bibi, anayesonya hapa hakuna. Ni herufi." Mkaguzi akaomba muda wa kutafakari. Usiku, kupitia ukuta wa chumba changu cha kusomea, tukamsikia anajaribu peke yake, tk, tk, tk, mpaka saa nne na kitu.

Turudi kwenye chumba chenyewe.

Sherehe ya Kixhosa bila umqombothi haijakamilika, na Mkaguzi, mpika mbege wa kusifika, hakuhitaji kushawishiwa. Alikagua viungo. Kimea cha mtama, sawa. Kwao ni ulezi. Unga wa mahindi, sawa. "Ndizi ziko wapi?" Hakuna ndizi. Akahuzunika kidogo, kisha akavaa aproni. Unga na kimea vinachanganywa na maji ya uvuguvugu na kulazwa mpaka vianze kuchachuka. Halafu vinapikwa uji mzito, uji unaachwa upoe kabisa, kimea kingine kinaongezwa, na ndoo inafunikwa na kuwekwa pa joto. Walijaza ndoo mbili. Ya MaDlomo iliwekwa stoo. Ya Mkaguzi iliwekwa chumbani kwake, chumbani kwangu, kando ya meza yangu, kwa sababu ndiko jua la mchana linakopiga.

MaDlomo alisema: funika kwa kitambaa tu, pombe inahitaji kupumua. Chiriku akatafsiri: "Anasema funika vizuri." Na Mkaguzi akifunika kitu vizuri, ndugu yangu, kimefunikwa. Alibana kifuniko cha plastiki mpaka kikalia, akalaza juu yake kamusi zangu, akavika ndoo blanketi.

Saa nane usiku tulisikia mshindo. Kisha sauti ya Mkaguzi: "Yho!" Hata katika fadhaa ile nilifurahi, maana hilo ni neno la MaDlomo, na mama mkwe wangu alikuwa keshalifanya lake. Tulipowasha taa, kifuniko kilikuwa juu ya kabati la vitabu, kamusi zimetawanyika, na povu zito la rangi ya udongo linashuka ukutani, juu ya meza, juu ya insha za wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Mkaguzi alikuwa amesimama katikati ya kitanda, kilemba kimeloa, akiwa ameshika kandambili moja tayari kwa mwizi. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mke wangu alianza kusema "Mama..." akashindwa kuendelea. Asubuhi insha zilikuwa zimebanwa na vibanio kwenye kamba ya nguo, na nilizisahihisha hivyohivyo, mstari kwa mstari, zikinuka uchachu.

Ndoo ya stoo ilikuwa salama. MaDlomo akaja kuipima. Aliwasha njiti ya kiberiti, akaishusha taratibu juu ya ndoo. Ikazimika kabla haijagusa povu. Hiyo ndiyo alama kwamba pombe imeiva, kwa kuwa hewa inayotoka humo inaufukuza moto. Chiriku akaona muujiza. Akaomba arudie. MaDlomo, ambaye hajawahi kumnyima mtoto kitu, akarudia. Wakarudia mpaka kiberiti kikaisha, na jiko letu la gesi haliwaki bila kiberiti, na juu ya jiko palikuwa na umngqusho unaosubiri kuwashiwa moto tena.

Umngqusho ni mahindi yaliyokobolewa na kuvunjwa, yanapikwa na maharage. Inasemwa kwamba Mandela alikipenda chakula hiki kuliko vingine vyote. Mkaguzi alifunua sufuria, akatazama, akatangaza, "Makande." Na kweli ni jamaa wa karibu, ila ya huku yanalowekwa usiku kucha na kupikwa polepole kwa saa nyingi, na mtu akizima moto katikati huwezi kumdanganya mlaji. Kiberiti kingine alikuwa nacho Shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, anaishi East London, na jina lake kamili ni Shemeji Njiani. Ukimpigia wakati wowote, yuko njiani. Siku ile ya sherehe alikuwa ameahidi viti, kile chungu cha chuma cha miguu mitatu, mkaa na kiberiti. Saa tatu asubuhi alikuwa njiani. Saa tano alikuwa njiani, na nyuma yake tulisikia maji ya bafuni yakichuruzika. Mzee Mazimbu akaokoa jahazi: akabeba kaa la moto kwenye koleo kutoka uani kwake, akapita nalo getini kwetu akiimba, na umngqusho ukahamia kwenye moto wa kuni nje. Shemeji alifika watu wanakula, akashusha chungu, akaomba sahani.

Na watu walikuwa wengi. Wakina mama wa mtaa wamefunga vilemba, shanga shingoni. Vijana na mitungi ya amarhewu, ambayo ni togwa ya huku, kwa ajili ya watoto. Wazee kwenye viti upande mmoja, kopo la pombe linapita mkono kwa mkono. Mama Wakili alikuwa na kilemba alichofungwa na MaDlomo na hakukivua mpaka usiku. Wakili alivaa shanga za kuazima kwa heshima ya mtu anayekwenda kuapishwa. Chiriku alikuwa na gauni lake, buluu juu, kanga chini, na kila mgeni alionyeshwa pindo.

Mzee Mazimbu alichelewa kuingia kwa sababu alikuwa amekwenda stendi kumpokea mtu. Hakutuambia ni nani. Wakaingia wawili, yeye na mzee mrefu mwenye fimbo, kofia na koti la siku ya kanisa, ametoka upande wa Centane. Mgeni aliuliza kitu kwa sauti ya chini. MaDlomo akamwonyesha kwa kidevu. Mzee akavuka ua wote, akafika mbele ya mtoto wetu wa miaka 7, akavua kofia, akasema, "Molo, MamCirha."

Chiriku aligeuka nyuma kuangalia anayesalimiwa ni nani.

Hakukuwa na mtu. Basi akageuka tena, akasimama vizuri, akajibu. Mzee akamwuliza ukoo wake, naye akautaja, ile sauti ya mwanzo imetoka safi kabisa, na mzee akamwambia na yeye ni huohuo. Kisha akaanza kumhesabia majina ya sifa ya wazee wa ukoo, moja baada ya lingine, polepole, akimsubiri alirudie. Mke wangu alinishika mkono. Tumeishi na bahasha ile kabatini tangu mtoto anakuja kwetu, na siku ile ikawa na sura, na koti, na sauti.

Vita vya paja vilizuka mezani. Tulikuwa na kuku wa kienyeji waliochemka muda mrefu kwa chumvi tu, wanavyowapika huku, na paja la mwisho Wakili alikuwa keshalivuta kwenye sahani yake. Chiriku akalidai. Mzee wa Centane akasikia, akaweka kijiko chini, akasema kwamba hilo linamkumbusha jambo la nyumbani kwao.

Kwa simulizi za wazee, chifu Nkosiyamntu alikuwa na wana, na Cirha ndiye aliyekuwa mrithi. Jwarha alimfuata, na Tshawe alikuwa wa nyumba ndogo. Siku moja baada ya mawindo Cirha akadai paja la swala aliyeuawa na Tshawe, kwa kuwa paja ni haki ya mkubwa. Tshawe akakataa kulitoa. Wakapigana. Cirha alisaidiwa na Jwarha, Tshawe akasaidiwa na watu wa Ngwevu, na Tshawe akashinda. Tangu hapo ufalme wa Waxhosa uko kwa akina Tshawe, na akina Cirha, waliokuwa wakubwa, wakawa raia.

Mezani pakawa kimya. Chiriku alimgeukia kaka yake, macho yamemtoka. "Umesikia? Paja langu. Tangu zamani."

"Tshawe alishinda," alisema Wakili, akalishika kwa mikono miwili.

Mzee alicheka mpaka akatoa leso. Mzee Mazimbu akapiga meza. Wakili akaanza kutoa hoja kwamba kisheria madai yakikaa muda mrefu hufa, Chiriku akajibu kwamba yeye yuko hai, na kabla mimi sijafungua mdomo Mkaguzi akanyoosha mkono, akalitwaa paja, akaling'ata. Firigisi, ambayo katika nyumba yangu ni ya baba, alikuwa keshampa mgeni. Sikuuliza. Mgeni alistahili.

Jioni, wageni wamepungua, wazee wawili walituita mimi na Mama Wakili tukae nao. Mtoto huyu, akasema mzee wa Centane, hajafanyiwa imbeleko. Ni kumtambulisha mtoto kwa wazee wake waliotangulia: mbuzi anachinjwa, mambo yanasemwa, watu wa ukoo wanakuwepo. Zamani ngozi ya mbuzi yule ndiyo iliyombebea mtoto mgongoni. Mkubwa pia hufanyiwa kama utotoni alikosa. Lakini si jambo la kufanywa na sisi peke yetu uani kwetu. Lina watu wake, na watu wake ni wao, akina Cirha. Wangependa tumlete Desemba, wakati vijana wote wanaporudi nyumbani kutoka Johannesburg na Cape Town. Tuje nyumba nzima. Mke wangu aliitikia kabla mzee hajamaliza sentensi, na mimi nilikuwa naitikia naye.

Chiriku, ambaye alitakiwa awe amelala, alitoa kichwa dirishani. Alitaka kujua mbuzi anafanya nini. Mzee akamweleza kwamba mbuzi lazima alie, akilia, watu wote wanasema "Camagu!", kwa maana wazee wamekubali. Na asipolia? Basi watu wanaongea na wazee, wanasubiri, mpaka alie.

Mkaguzi amebadilisha tiketi. Anasema hawezi kurudi Marangu kabla ya Desemba na kuacha mjukuu wake apelekwe kwa watu bila bibi, na gauni jipya amekwisha kulikata, safari hii kitambaa kimefuliwa kwanza. Kazi ya kununua mbuzi kapewa Shemeji, naye yuko njiani. Chiriku ana wasiwasi kwamba mbuzi huenda asijue la kufanya, kwa hiyo anazunguka nyumba nzima akilia "mee", kwa sauti nene, kwa sauti nyembamba, apate ile atakayomfundisha. Kila akilia, kutoka chumba changu cha kusomea Mkaguzi anamwitikia "Camagu!", na ile c anaipatia.